Mgeni Aliyekataa Maji

Donatus alikula wali wa Mama Nassibu mpaka sahani ikang'aa, na kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, hakuulizwa neno mpaka aliponawa mara ya pili. Hapo Mama Nassibu alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akafunga mikono juu ya magoti. Zuwena, mkwe wake, alibaki amesimama karibu na mafiga na kitambaa cha vyombo mkononi. Alikwisha kusimama hivyo kwa wageni wengi.

"Haya, baba," Mama Nassibu alisema. "Wanasema ulikuwa kule kisiwani. Kwenye ile ngome iliyopigwa mabomu."

"Nilikuwapo, Mama." Donatus alijipapasa tumbo. "Ngome yenyewe kubwa. Ukuta wake mnene, nyumba hii yote ingeingia ndani ya ukuta tu."

"Na mwanangu? Nassibu wa Geita?"

"Nassibu namjua vizuri sana. Yule mrefu."

"Si mrefu sana."

"Ndiyo, si mrefu sana. Wa kadiri. Mcheshi." Donatus alimtazama mama mtu usoni, akaona ameanza kutabasamu, akapata nguvu. "Mabomu yalipoanza tulikuwa pamoja. Yeye akawahi kushuka mtoni, akapita upande wa pili. Baadaye tulisikia amechukuliwa na meli ya Waingereza. Yuko hai yule, Mama. Watu kama wale hawafi ovyo."

"Ngome yenyewe ilikuwa wapi?" Zuwena aliuliza.

"Juu ya mlima, dada. Mto unapita chini."

"Kisiwani kuna mto?"

"Visiwa viko vya kila namna," Donatus alisema, akainuka. Alikuwa amesikia honi ya mgodi, au alijifanya amesikia.

Mama Nassibu alimsindikiza mpaka barabarani na kumfungia maandazi kwenye jani la mgomba. Aliporudi uso wake ulikuwa mwepesi, ameachwa na miaka mitano sita. "Umemsikia?" alisema. "Meli ya Waingereza." Zuwena alirudi kwenye vyombo. Askari wa kabla ya huyo alisema Nassibu ameoa mwanamke wa kule na anauza vitambaa. Wa kabla yake alisema yuko hospitali, amesahau jina lake. Ngome ya yule ilikuwa mchangani, na ya huyu iko mlimani. Kila askari aliyekula pale alikuwa na ngome yake mwenyewe, wakapatana jambo moja tu, kwamba Nassibu hajafa.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na moja, vita vimekwisha zamani, na njia ya kupanda mgodini pale Geita ilijaa wanaume waliowahi kuvaa kaptula za Mfalme. Walitoka Usukuma, Usumbwa, Uzinza, na wengine mbali zaidi, wakashuka shimoni kuchimba dhahabu ambayo hawakuruhusiwa hata kuishika. Habari zilikuwa zimewafikia wote huko kwenye laini walikolala: kuna hoteli ya mabati pale kona, mwenyewe ana mtoto aliyepotea vitani, ukisema ulikuwa kwenye ngome ya kisiwani, unakula kuku.

Mama Nassibu alikuwa bado anarudisha kigoda chake pale mtu mwingine aliposimama mlangoni. Huyu hakuvuka kizingiti. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mkavu, na aliposemeshwa aligeuza sikio la kulia, maana la kushoto halikuwa likisikia.

"Shikamoo, mayu," alisema, yaani mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba." Uso wa Mama Nassibu ulijifunga pale pale. "Chai?"

"Sinywi, mayu."

"Uji upo."

"Hapana, mayu. Asante."

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Basi unaziba mlango." Mama Nassibu alipaza sauti ili meza zote tatu zisikie. "Kila wiki unakuja kunisimamia hapa. Huli, hunywi, huketi. Chakula changu kina uchafu? Au umekuja kuhesabu wanaokula? Nenda zako. Watu wana njaa hapa."

Wateja walicheka. Mtu yule alisimama kidogo zaidi, akamtazama Mama Nassibu kama anayengoja neno, na neno halikuja. Akageuka, akashuka njia. Zuwena alimwonea haya, kisha akamkasirikia pia, maana hakuna linalomuudhi mwenye hoteli kuliko mtu anayekataa hata maji. Alimjua kwa jina tu. Mihayo. Alikuwa akichonga magogo ya kushikilia mwamba huko shimoni, na wenzake walisema ana maringo.

*

Zuwena aliolewa akiwa na miaka kumi na saba, akaletwa Geita kutoka Tabora, na mwaka haujatimia Nassibu akachukuliwa. Hakuchukuliwa kupiga bunduki. Alitiwa kwenye jeshi la kuchimba na kubeba, lile walilotiwa watu wengi wa huku. Barua zake mbili za mwanzo zilifika. Baada ya hapo serikali ilisema kisiwa alichokuwapo kilipigwa mabomu na ndege za Wajapani, na kwamba yeye hajulikani alipo. Hawakusema amekufa. Neno lile, hajulikani alipo, Zuwena alilivaa kutwa kucha miaka yote hiyo, naye sasa alikuwa na ishirini na saba, hana mtoto, hana mume, wala si mjane.

Wala hakuwa amekosa anayemtaka. Akida, aliyeleta mchele kutoka Kagongwa, mgane mwenye watoto wawili wadogo, alituma mjomba wake kwa Mwalimu Shomari wa msikitini kuuliza kwa adabu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipoteremsha magunia aliuliza "Hamjambo?" na macho yake yakaenda chini, na Zuwena siku nzima ile alikuwa mtu mwingine. Alitaka kuolewa na Akida. Alitaka watoto wale wawili wamkimbilie wakianguka, na alitaka kuzaa wake kabla mwili haujamkatalia. Hakuona aibu kuyataka hayo, ila hakuwa na mtu wa kumwambia.

"Zipo njia mbili," Mwalimu Shomari alimwambia barazani kwake. "Ya kwanza, uende Mwanza kwa Liwali, useme mume amepotea, ndoa ivunjwe. Ni haki yako."

"Akirudi je, Mwalimu? Watu watasema nilimwacha askari vitani."

"Watasema. Basi ya pili, apatikane mtu aliyemwona kwa macho yake amekufa. Si aliyesikia. Aliyeona. Na mama yake akubali. Siwezi kusoma hitima hapa na mama mtu yuko kule anamwekea mwanawe chakula. Mkipata hayo mawili, nasoma, unakaa eda, unakuwa huru mbele ya Mungu na mbele ya watu."

Ndipo Zuwena alipoanza kuitafuta ile ngome. Hakuwa na kitabu wala ramani, alikuwa na miguu na mdomo. Alasiri, vyombo vikishaoshwa, alijifunga kanga na kupanda kwenye laini za wachimbaji, akasimama mbali kidogo na milango kama inavyompasa mwanamke, akauliza. Nani alikuwa na jeshi la kuchimba? Nani alivuka bahari mwaka wa arobaini na mbili? Ngome ilijengwa kwa mawe gani? Bomu la kwanza liliangukia wapi? Wengine walimjibu kwa heshima kuwa wao walikuwa Burma au Bukini na hawajui. Wengine walimwita aingie wakazungumze ndani. Mmoja alimwambia mbele ya wenzake, "Dada, unatafuta maiti au unatafuta mume?" Wakacheka, naye akashuka na kicheko kile masikioni mpaka nyumbani.

Alikwenda hata kwenye ofisi ya serikali. Karani, kijana wa shati jeupe aitwaye Gregory, alichovya kalamu kabla hajamtazama.

"Jina?"

"Zuwena binti Feruzi."

"Mke wa fulani au mjane wa fulani?"

Zuwena alitazama ncha ya kalamu. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu, jua kali.

"Mama, nikuandike nini? Mke au mjane?"

"Hilo ndilo nililokuja kuuliza," Zuwena alisema.

Karani alidhani anafanyiwa mzaha. Alimwambia apishe wenye shida.

Jioni ile alimweleza Mama Nassibu, akitumaini pengine atamhurumia. Mama Nassibu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Ungesema mke," alijibu bila kuinua macho. "Unapata tabu gani kusema neno dogo hivyo? Donatus amesema yuko hai."

"Donatus amesema kisiwani kuna mto, Mama."

"Wewe umekiona kisiwa chenyewe?"

Hakuwa mwanamke mbaya, lazima hili lisemwe. Zuwena alipougua homa ya manjano, Mama Nassibu ndiye aliyemwosha na kumlisha kwa mkono wake. Hakuwahi kumwita tasa, hakuwahi kumwita mgeni. Walilala chumba kimoja, na mmoja akikohoa mwingine aliuliza, "Vipi?" Ndiyo maana Zuwena hakuweza kufunga kitambaa chake na kuondoka. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na mkwe mkorofi.

*

Euphrasia aliuza maziwa. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, msomaji wa misheni, mwenye rozari shingoni na mdomo usiopumzika. Asubuhi moja ya mvua, akipima maziwa mlangoni, alimwona Mihayo amesimama chini ya bati la duka la jirani, amelowa, akitazama hoteli.

"Yule amefiwa na nani?" aliuliza.

"Hajafiwa. Ni kiburi tu," Zuwena alisema. "Anakuja kila mara, hali kitu. Hata maji hanywi."

"Anaketi?"

"Haketi."

"Anavuka kizingiti?"

Zuwena aliweka sufuria chini. "Havuki. Kwa nini?"

"Basi si kiburi." Euphrasia alipunguza sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Kwetu upande ule, mtu akibeba habari ya msiba hali kitu cha nyumba ile mpaka ameutua. Ukishakula ugali wa watu huwezi tena kuwatolea kifo mdomoni, umekuwa wa kwao. Na huusemi tu hivi hivi kama mtu anayemwaga maji. Unasimama mlangoni asubuhi, unangoja wenye nyumba wakuulize, umekuja na nini. Wakikuuliza, unasema. Wasipokuuliza, unaondoka, unarudi siku nyingine. Baba yangu mdogo aliwahi kungoja hivyo siku nyingi kwa mtu asiyetaka kuuliza." Alifunga kibuyu chake. "Lakini Mama Nassibu analijua hilo. Si mtu wa kwetu yeye? Alikuwa binti wa Ushirombo, kabla hajasilimishwa na kuolewa na yule mzee wa Tabora."

Alikwenda zake na maziwa yake. Zuwena alibaki ameshika nguzo ya mlango. Aliwafikiria askari wote waliokula pale, kuku baada ya kuku, wali baada ya wali. Kumbe walikuwa wakiwalisha kwanza ndipo wanawauliza. Hata kama mmoja wao alijua jambo la kweli, angelitoa vipi na mchuzi wao ukiwa bado vidoleni mwake? Nyumba ile ilikuwa imefunga mlango wa ukweli kwa mwiko wake yenyewe, na yeye Zuwena, mtu wa Tabora asiyejua mila za huku, ndiye aliyekuwa akipakua.

Kisha akafikiria lile la mwisho alilosema Euphrasia, kwamba Mama Nassibu analijua hilo, akageuka kutazama ndani.

*

Hakumwita Mihayo kando. Aliona haitakuwa halali kulipokea jambo lile kichochoroni. Alingoja siku iliyofuata, asubuhi, wateja wa shifti wakiwa wameshaondoka na Mama Nassibu yuko kwenye mafiga anageuza vitumbua. Mihayo alisimama pale pale pa siku zote.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Chai?" Mama Nassibu alisema upesi. "Kama hutaki, nenda."

Zuwena alifuta mikono. Akapita katikati ya meza, akasimama mbele ya mgeni.

"Kaka," alisema, "umekuja na nini?"

Mwiko ulianguka kwenye mafuta. Mihayo alimtazama Zuwena, kisha akamtazama mama nyuma yake, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa nyumba.

"Zuwena," Mama Nassibu alisema. "Mwanangu. Acha."

"Mimi ni mke wake," Zuwena alimwambia Mihayo. "Nauliza mimi. Umekuja na nini?"

Mihayo alivua kofia. Alipoanza kusema, alisema polepole, Kiswahili cha jeshi, akitazama chini.

"Nimekuja na Nassibu. Alikufa. Nilimzika kwa mikono yangu. Poleni."

Hakuna aliyelia bado. Vitumbua vilianza kuungua na hakuna aliyeviepua.

"Ngome yenyewe ilikuwaje?" Zuwena aliuliza. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine, lakini ilibidi aulize. Alikuwa ameuliza hivyo kwa watu wengi mno, hangeweza kuacha sasa.

"Haikuwa kubwa kama wanavyosema. Mawe ya pwani yale yenye matundu, ya zamani sana. Watu wa kale walijenga, Waingereza wakaweka mizinga yao juu. Sisi tulikuwa tunachimba tangi la maji ndani, maana kisiwa hakina mto. Hakina hata kisima. Maji tulipimiwa. Nassibu alikuwa mpishi wetu. Aliwaambia mama yake ana hoteli, wakampa upawa. Kila mtu akifika mbele yake asubuhi alimuuliza, 'Umenawa?' Maji yenyewe hakuna, lakini alituuliza, na sisi tulicheka."

Mama Nassibu alishika ukingo wa meza. Umenawa ndilo neno lake. Hapakuwa na mteja wa Geita ambaye hajawahi kuulizwa.

"Siku ile tulikuwa kwenye mstari wa uji. Mimi nilikuwa nimeshakula, nikarudi kutafuta wa pili. Nilifika mpaka mbele. Akaniambia kwa Kisumbwa ili wengine wasisikie, wewe umeshapata, rudi nyuma, wenzio bado. Nikaona haya. Nikarudi mwisho kabisa wa mstari, karibu na lango. Ndege zikaja toka upande wa jua, hatukuziona. Bomu likapiga ukuta, na ukuta ukaangukia jiko. Wale wa mbele wote." Aligusa sikio la kushoto. "Sikio hili lilikufa hapo. Mimi sikufa, kwa sababu alinirudisha nyuma."

"Una hakika ni yeye?" Hilo lilitoka kwa Mama Nassibu.

"Ni mimi niliyemtoa, mayu. Alikuwa bado ameshika upawa. Uso wake ulikuwa mzima. Tulimzika mimi na Mganda mmoja, hatukujua dua zenu. Nilimlaza ubavu, nilishawahi kuona Waislamu wa Tabora wakizika. Kibla sikukijua kiko wapi. Nikamwelekeza huku, nyumbani." Aligeuza kofia mikononi. "Wiki ile ile tukapakiwa melini, mwishowe tukaishia Burma. Karatasi za majina ziliungua na ofisi. Niliporudi sikujua kwao ni wapi, alisema tu kwetu, kwa mama. Mwaka jana nikaja huku kutafuta kazi. Niliingia hapa kunywa chai, kikombe kiko mdomoni, nikasikia mtu anauliza nyuma yangu, umenawa? Na mwingine anaita, Mama Nassibu. Nikaweka kikombe chini."

"Ilikuwa kiangazi," Zuwena alisema.

"Kiangazi. Ndiyo."

Zuwena aligeuka. Nje mvua za masika zilikuwa zikipiga bati. Alimtazama mwanamke aliyemwosha alipougua.

"Mama. Ulijua?"

Mama Nassibu hakutafuta pa kukimbilia. "Siku ile alipoacha chai, sikujua. Aliporudi akakataa maji, nilijua. Nimezaliwa Ushirombo mimi, nani angenificha?"

"Toka kiangazi."

"Toka kiangazi."

"Ukamtukana mbele ya watu. Ukaniacha niende kwenye laini nikachekwa. Mimi niko kwa karani sijui niandikwe nini, na wewe umekaa hapa unajua." Zuwena alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo na mtu yeyote. "Mimi nina miaka ishirini na saba, Mama. Wewe ulipokuwa na ishirini na saba Nassibu alikuwa anatembea."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Mama Nassibu alikaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa kwenye udongo uliosiribwa. "Kwa sababu wewe ukiwa mke wake, yeye ana mke, na mtu mwenye mke yuko hai. Kila asubuhi nakuona, nasema, huyu ni mke wa mwanangu. Siku utakapotoka kwenda kwa Akida, hapo ndipo anakufa. Na mimi nabaki na meza tatu." Akainua uso. "Nilikuonea. Najua nilikuonea. Sina la kusema zaidi."

Zuwena hakumwambia kwamba amesamehe, maana hakuwa amesamehe. Alilia tu, akiwa amesimama. Alimlilia kijana wa kadiri, mcheshi, ambaye uso wake alikuwa ameanza kuusahau, na akajililia mwenyewe, na kwa muda mrefu hakuweza kutofautisha.

Mihayo alikuwa bado nje ya kizingiti, mvua ikimpiga mgongoni. Mama Nassibu ndiye aliyemkumbuka. Alijiinua kwa kushika meza, akaepua vitumbua vilivyoungua, akachukua sahani ile nzuri yenye maua, akapakua wali na mapaja ya kuku aliyokuwa akiyaweka kwa ajili ya yeyote atakayekuja kusema Nassibu yu hai. Akaja mlangoni na birika na bakuli.

"Ingia, baba. Umeutua."

Mihayo alivuka kizingiti. Akaketi, akanyoosha mikono juu ya bakuli.

"Umenawa?" Mama Nassibu aliuliza, na sauti ikamkatikia hapo.

Mihayo alikuwa askari wa Burma, mtu aliyefukiwa na kifusi shimoni mara mbili, na alilia juu ya bakuli lile mpaka Zuwena akaja, akachukua birika mkononi mwa mkwewe, akammiminia maji yeye mwenyewe. Kisha alikula. Alikula taratibu, na hakuacha hata punje.

Alasiri yake Mama Nassibu alijitanda, akaenda peke yake kwa Mwalimu Shomari. Mwalimu alimkaribisha, akataka kumuuliza habari za shahidi, jina lake, dini yake. Mama Nassibu alimkatiza.

"Mwanangu amekufa," alisema. "Soma."

*

Eda ni miezi minne na siku kumi. Zuwena aliikalia kwenye chumba cha nyuma, amevaa nguo nyeupe, na Mama Nassibu alimhudumia kama desturi inavyotaka, maji ya kuoga, chakula, udi wa Ijumaa. Hawakuzungumza sana. Jioni moja Mama Nassibu alisimama na taa mlangoni, akauliza, "Ikiisha, utakwenda?"

"Nitakwenda, Mama."

"Kagongwa si mbali."

"Si mbali."

"Basi nitakutafutia sufuria zuri la kuondoka nalo," Mama Nassibu alisema, na Zuwena akaona kwamba lile jambo gumu lililokuwa kifuani mwake lilikuwa limeanza kulegea, ingawa halijaisha.

Ilikuwa eda imebaki kidogo pale alipokuja askari mwingine. Zuwena hakumwona, alimsikia tu nyuma ya pazia. Alikuwa mgeni Geita, sauti ya kijana, na kwenye laini hawakuwa wamemfikishia habari mpya. Alisema alikuwa kwenye ngome ya kisiwani. Alisema Nassibu yu hai, alimwona kwa macho yake bandarini, amenenepa, ana kofia ya kizungu, na alituma salamu kwa mama yake.

Zuwena alishika pazia. Alimjua mwanamke yule, alijua jinsi uso wake ulivyokuwa ukifunguka kwa maneno kama hayo, na aliogopa kuwa yote yataanza upya.

"Umekula?" Mama Nassibu aliuliza.

"Bado, Mama."

Palisikika sahani ikiwekwa mezani, na maji yakimiminwa. "Basi nawa ule. Ukimaliza uende zako, na usimwambie mama wa mtu mwingine maneno hayo. Mwanangu alikufa kwenye ngome, anagawa uji. Aliyemzika alisimama hapo mlangoni na njaa miezi mingi, nami nikamfukuza."

Kijana alivuta kiti. Baada ya muda Zuwena alisikia anakula.